Seneta Akija na Tende, Mwulize Habari ya Mgao



Ndugu yangu wa Kitui mjini, wa Mwingi, wa Mutomo. Dada yangu wa Wote, wa Makindu, wa Kibwezi na Mtito Andei. Ujumbe huu ni wako. Wenzetu wa Mombasa na Garissa wasome pia, watajiona humu, lakini leo tunaongea na Muislamu wa Ukambani, yule ambaye kila uchaguzi huambiwa, "Kwani nyinyi ni wangapi?"

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Utapewa karatasi 6. Ya rais unaijua hata ukiamshwa usingizini. Ya gavana mmeshabishana juu yake pale steji ya boda mpaka mkagombana. Mjumbe na MCA unawajua kwa majina ya mama zao. Halafu iko ile ya manjano, ya seneta. Hiyo wengi wetu tunaipiga kwa mazoea: unatafuta mwavuli uko wapi, unatia alama, unakunja, unatoka nje unapiga picha ya kidole. Suti imekamilika.

Mtindo huo ndio tunaoupinga hapa, na tunaupinga waziwazi. Hatumpigii debe mtu yeyote na hatuna mgombea mfukoni. Tunachosema ni kwamba seneta aliye kitini akirudi kuomba muhula mwingine, anaomba kazi upya, na mwenye kuomba kazi huonyesha alichofanya. Haji na wimbo wa chama peke yake.

Angalia rekodi. Tangu 2013, kila uchaguzi wa useneta Kitui na Makueni umeshindwa na Wiper. Kitui ilikuwa David Musila, kisha Enoch Wambua 2017, kisha Wambua tena 2022. Makueni ilikuwa Mutula Kilonzo mzee, aliyefariki Aprili 2013 kabla hata hajakaa sawasawa. Mwanawe Mutula Kilonzo Junior akaingia Julai mwaka huohuo, akarudishwa 2017, na 2022 alipohamia ugavana kiti kikaenda kwa Dan Maanzo. Mwaka huohuo Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa mihula 2, mtu ambaye watu walikuwa wanatoka kaunti nyingine kuja Wote kuona jinsi anavyowashirikisha wananchi kwenye bajeti, aliwania useneta huo akiwa nje ya mwavuli. Akaangushwa. Hatusemi Maanzo hakustahili. Tunakuuliza wewe uliyepiga kura: uliwapima hao wawili, ama ulitafuta mwavuli?

Na usisahau jambo hili. Rais ana mihula 2, basi. Gavana mihula 2, basi. Seneta hana kikomo. Katiba haikumwekea. Anaweza kurudi mara 3, mara 5, mpaka achoke mwenyewe. Kifungu cha 104 kilitupa haki ya kumrudisha nyumbani kabla ya wakati, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele vya sheria vilivyoweka utaratibu wenyewe. Kwa hiyo njia uliyo nayo mkononi kweli ni ile karatasi ya manjano, mara moja kwa miaka 5. Ukiipoteza, umempa mtu miaka 5 ya kutokukujibu.

Utasikia watu wakisema, "Ah, seneta ana nini? Hana CDF, hana basari, hajengi hata choo." Ni kweli, hana mfuko wa kujengea darasa. Kazi yake ni kuulinda ule mfuko mkubwa ambao zahanati yako, dawa zako na barabara yako ya mashinani zinategemea. Seneti ndiyo inayoamua kaunti 47 zinagawanaje pesa. Na katika kura hiyo, Nairobi yenye mamilioni ina kura 1, Lamu ndogo ina kura 1, Kitui ina 1, Makueni ina 1. Seneta uliyemchagua ndiye anayeipiga kwa niaba ya ujumbe wa kaunti yenu. Sasa fikiri, wewe uliyezoea kuambiwa ni wachache: iko wapi nchini hapa meza nyingine ambayo mdogo na mkubwa wanahesabiwa sawa?

Kama unadhani hizi ni hadithi za Katiba, rudi nyuma mpaka 2020.

Mwaka huo ililetwa fomula mpya ya mgao. Hoja yake ilikuwa tamu masikioni: pesa ifuate watu, mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Tamu kwa wale wenye watu wengi kwenye eneo dogo. Lakini ukiangalia nani alikuwa apunguziwe, unakuta Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit, Tana River. Unakuta Mombasa, Kilifi, Kwale. Na katika orodha hiyohiyo unakuta Kitui na Makueni. Soma tena majina hayo polepole. Kaunti ambazo Waislamu ni wengi, na kaunti ambazo wewe Muislamu ni mchache kati ya Wakamba, zote zilikuwa kwenye mtumbwi mmoja, na mtumbwi ulikuwa unatobolewa.

Kikao baada ya kikao Seneti ilikwama. Maseneta waliokataa wakajiita Team Kenya, na Mutula Kilonzo Junior wa Makueni alikuwa miongoni mwa sauti zao kubwa. Hilo tunampa haki yake, kwa sababu anayefanya kazi asemwe amefanya. Tarehe 17 Agosti 2020 polisi wakawakamata maseneta 3, Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Lang'at wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, siku ambayo kura ilikuwa ipigwe. Mtu hakamatwi kwa ajili ya kura isiyo na maana! Mwisho wake, Septemba, ikapatikana suluhu: fomula mpya ingojee hadi fungu la kaunti liongezwe, na mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu likapanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Hakuna kaunti iliyonyang'anywa.

Hiyo ndiyo kazi ya seneta. Nesi wa Mwingi aliyelipwa mshahara, dawa iliyofika Kibwezi, sehemu ya jasho lake ilitoka pale. Wala haikuulizwa dawa hiyo itamezwa na nani, Muislamu ama Mkristo.

Haya, songa mbele hadi 2024. Mswada wa Fedha ukaondolewa Juni baada ya vijana kuingia barabarani, serikali ikasema pesa hakuna, na kaunti zilizokuwa zimeahidiwa bilioni 400.1 zikatakiwa zishuke hadi 380. Seneti ikavutana na Bunge la Taifa, wakaishia bilioni 387.4. Swali letu ni dogo tu: seneta wako alisimama wapi katika mvutano ule? Alisema nini ndani ya ukumbi? Hansadi ipo, kila neno lake limeandikwa. Matanga ya Jumamosi hayana Hansadi, na ndiyo maana wanapenda kuongea kule.

Tukifika kwenye matanga na majukwaa, lazima tuguse lile jambo ambalo wengi wanaliogopa. Msimu wa kura ukikaribia, ngamia huwa wengi kwenye hotuba kuliko msituni. Mutha, Endau, Ngomeni, Tseikuru: huko kuna watu wamezika watu wao, kuna mkulima aliyeamka akakuta shamba la mahindi limekuwa malisho. Mkulima huyo ana haki, na sisi kama watetezi wa haki tutasimama naye bila kuuliza dini yake. Aliyeua ana jina, akamatwe ashtakiwe. Aliyeingiza mifugo kwa nguvu ana jina, alipe. Lakini mwanasiasa anaposimama jukwaani na kusema "hawa watu", halafu kesho yake mwenye duka Kitui mjini, ambaye babu yake amezikwa Kitui, anatazamwa kama mvamizi, hapo tunasema hapana. Damu ya mkulima haioshwi kwa kumtisha muuza nguo.

Na hapa ndipo pa kumbana seneta. Seneta wa Kitui anakaa ukumbi mmoja na seneta wa Garissa na yule wa Tana River. Wanakunywa chai pamoja. Ana uwezo wa kuomba taarifa, kuita mawaziri mbele ya kamati, kuleta hoja juu ya mipaka, njia za mifugo na maji wakati wa ukame. Akiacha milango yote hiyo akaja kupayuka sokoni, ujue hatafuti suluhu, anatafuta kura. Tena Uislamu hapa si mgeni wa jana. Mfanyabiashara Kivoi na misafara yake walikuwa na njia ya kwenda Mombasa kabla Krapf hajafika Ukambani mwaka 1849. Mji wa Sultan Hamud umebeba jina la sultani wa Zanzibar mpaka leo. Atakayetuambia turudi kwetu atuonyeshe kwanza kwetu ni wapi.

Najua jibu la mwisho la wengi. "Mzee ameshasema, sisi tunafuata." Heshima kwa wazee ipo, na Kalonzo Musyoka ni mtoto wa Mwingi, mtu mzima, ana haki ya kuomba kura za kwao. Lakini kura yako ya urais na kura yako ya useneta ni karatasi mbili tofauti, kwa makusudi. Katika dini yetu ushahidi ni jambo zito, na ukimtia mtu alama umeshuhudia kwamba anaifaa kazi ile. Umeshuhudia kwa kumjua ama kwa kuona mwavuli? Chama kikileta mtu mzuri, mpe bila kinyongo. Kikileta aliyelala miaka 5, mwavuli haumfuniki.

Jambo la kufanya sasa, kabla ya maneno mengine: hakikisha jina lako liko kwenye daftari. Usicheke. Mwaka 2013, katika uchaguzi mdogo wa Makueni, Kethi Kilonzo, wakili ambaye nchi nzima ilikuwa imemtazama kwenye televisheni akiongea mbele ya Mahakama ya Juu miezi michache tu nyuma, alizuiwa kugombea kiti cha baba yake. Sababu? Walisema hakuwa amesajiliwa kihalali kama mpiga kura. Kaka yake ndiye akaingia. Ikiwa wakili wa kiwango kile aliangushwa na karatasi ya usajili, wewe ambaye uliandikishwa mara ya mwisho ukiwa Nairobi unajiamini nini? Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako, hamisha kura yako ije nyumbani. Kijana ambaye bado hana kitambulisho, aanze leo. Februari 2025 Rais alitia saini kule Wajir kuondoa ule msasa wa ziada wa vitambulisho, kwa hiyo chifu ama karani akianza kukudai vyeti vya babu yako kwa sababu ya jina lako, mwombe akuandikie kwa karatasi ni sheria gani, kisha karatasi hiyo utuletee.

Ramadhani ya 2027 itaangukia Februari, miezi 6 kabla ya kura. Watakuja. Watakuja na magunia ya mchele, katoni za tende, kanzu mpya iliyokunjamana bado na mikunjo ya dukani, na mpiga picha wao. Wapokeeni, mgeni hafukuzwi wakati wa futari. Tende kuleni. Wakishamaliza kula, kabla hajapewa kipaza sauti kusalimia, imamu ama mwenyekiti wa kamati ya msikiti amwulize mbele ya jamaa wote: siku ya kura ya mgao ulikuwa wapi, na ile habari ya mifugo uliileta Seneti tarehe gani? Akijibu, andikeni jibu na mlitundike ubao wa msikiti. Akikwepa, andikeni vilevile kwamba alikwepa, na tarehe.