HISA ZA UMMA KATIKA SUKARI YA KILOMBERO

Makampuni yanapoungana, jambo la kwanza kuulizwa ni bei ya hisa: je, itapanda au itashuka? Swali hilo ni halali. Hata hivyo, kwa mtumishi au mwalimu wa Ifakara, ambaye kila asafiripo kwenda Mikumi hupita katika mashamba ya miwa ya Kidatu, swali hilo halitoshi.

Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara. Mwaka huohuo Serikali iliuza sehemu kubwa ya Kampuni ya Sukari ya Kilombero kwa wawekezaji walioongozwa na Illovo ya Afrika Kusini, ikabakiza asilimia 25. Hisa hizo hazikupelekwa sokoni Dar es Salaam. Zenye bei ya wazi zilikuwa za Illovo yenyewe, huko Johannesburg. Mwaka 2006 kampuni ya Uingereza, Associated British Foods, ilinunua asilimia 51 ya Illovo. Mwaka 2016 ikanunua zote zilizosalia, na Illovo ikaondolewa sokoni. Bei ya hisa iliyobaki kutazamwa ilikuwa ya London, nayo ilichanganya sukari na maduka ya nguo ya Primark. Haikuweza kumwambia mwananchi thamani ya Kilombero.

Kwa hiyo asilimia 25 ya umma, iliyo chini ya Msajili wa Hazina, haina budi kupimwa kwa vipimo vingine.

Kipimo cha kwanza ni gawio, lakini kwa hadhari. Gawio nono la mwaka mmoja laweza kutokana na kuahirisha matengenezo ya mitambo. Aidha, faida iletwayo na uhaba wa sukari, kama ule wa mwanzoni mwa 2024 baada ya mvua za El Niño, si ushahidi wa uendeshaji bora.

Kipimo cha pili ni madeni. Upanuzi uliotangazwa mwaka 2021 ulikusudia kuongeza uzalishaji kutoka takriban tani 127,000 hadi tani 271,000 za sukari kwa mwaka. Azma hiyo ni njema. Lakini mwenye hisa hana budi kujua fedha zimetoka wapi, kwa riba gani, na zitalipwa lini.

Kipimo cha tatu, nacho ndicho kikubwa, ni mkulima mdogo. Muwa ukishakatwa hupoteza sukari kila saa unapocheleweshwa, wala hauwezi kubebwa hadi kiwanda cha mbali. Miwa ya mkulima ikibaki shambani bila kuvunwa, hasara hiyo haiandikwi katika hesabu za kampuni. Huandikwa katika ada ya shule isiyolipwa. Na mkulima aking'oa miwa akapanda mpunga, kiwanda kikubwa kitasaga nini?

Twashauri basi kwamba muhtasari wa hesabu za kampuni utolewe kila mwaka kwa Kiswahili, pamoja na tani za miwa ya wakulima zilizopokelewa na zilizoachwa shambani. Walimu na maofisa ugani wausome na kuufafanua katika mikutano ya vyama vya ushirika. Robo ya kampuni hii ni mali ya umma, na mwenye mali ana haki ya kuonyeshwa hesabu yake.