Acheni Kununua Mwaka, Nunueni Mvinyo

Kuna imani imeota mizizi miongoni mwa wanywaji wa mvinyo wa Kampala, na inawamalizia fedha bure: kwamba ukitaka mvinyo mwekundu wa Kifaransa ulio bora, cha kwanza kutazama ni mwaka kwenye lebo. 2005, 2010, 2016: lipa chochote utakachoambiwa. 2013: pita mbali. Nimeisikia kwenye meza za Munyonyo, nimeisikia hapa Ggaba kwa watu waliokuja ufukweni kula samaki, na wauzaji huirudia kama amri ya serikali. Ni imani ya uvivu, na anayefaidika nayo ni muuzaji.

Tuuchukue huohuo 2013, maana ndio unaotukanwa kuliko miaka mingi ya karibuni huko Bordeaux, Ufaransa. Majira ya kuchipua yalikuwa ya baridi na mvua. Mizabibu ilichelewa kuchanua, na ilipochanua maua mengi yakapukutika. Zabibu aina ya Merlot ndizo zilizoumia zaidi, vishada vikabaki na punje za kuhesabika. Tarehe 2 Agosti mvua ya mawe ikalipiga eneo la Entre-Deux-Mers. Kufikia mwisho wa Septemba, joto na unyevu vikaanza kuozesha zabibu mashambani, na wakulima wengi wakavuna kwa pupa kabla hazijaiva vizuri. Yote hayo ni kweli na siyapunguzi hata kidogo. Mvinyo mwingi mwekundu wa mwaka ule ni mwepesi mno, mchachu, una ladha ya majani mabichi.

Lakini unyevu uleule ulioozesha zabibu nyekundu uliwapa watu wa Sauternes, ndani ya Bordeaux ileile, mvinyo mweupe mtamu uliosifiwa sana. Kwao ukungu unaoozesha zabibu ni neema, maana hukausha maji ya punje na kuacha sukari. Na mwaka uliotangulia mambo yalikuwa kinyume: Château d'Yquem, jina kubwa kuliko yote Sauternes, walikataa kabisa kutoa mvinyo wa 2012, wakati huko Pomerol mvinyo mwekundu wa mwaka huo ulitoka vizuri. Basi 2012 ulikuwa mwaka mzuri au mbaya? Swali lenyewe halina maana. Bordeaux wakati huo ilikuwa na mizabibu ya zaidi ya hekta 100,000, kwenye kokoto za Médoc na kwenye udongo wa mfinyanzi wa Pomerol, na sisi tunataka namba moja itusemee yote hiyo.

Mwaka mgumu unapofika, wakulima hutengana. Mwenye uwezo na uangalifu huweka watu mezani kuchambua zabibu punje kwa punje, zilizooza zikatupwa. Kisha huonja pipa moja moja, na yaliyo dhaifu hayaruhusu yaingie kwenye chupa yenye jina lake kuu. Huuza kidogo kuliko kawaida na hasara anaibeba. Asiyejali humwaga kila kitu kwenye tangi moja, akaongeza sukari ili kileo kipande, akabandika lebo. Mwaka wa jua zuri hao wawili wanaweza kukaribiana. Mwaka wa mvua hawakaribiani hata chembe. Kwa hiyo 2013 unakutaka uulize jina la mkulima kwa bidii zaidi, na hilo ndilo swali ambalo wauzaji wetu wengi hawana jibu lake, ndiyo maana wanakimbilia mwaka.

Mama anayenunua ngege katika soko la Ggaba hamuulizi mchuuzi ziwa lilikuwaje mwezi huu. Anafunua matamvua, anatazama wekundu wake, ananusa, anabonyeza nyama kwa kidole. Mtu huyohuyo akiingia duka la vinywaji anaacha pua na macho yake mlangoni.

Na macho yanahitajika sana huku kwetu. Chupa iliyokuja Kampala imepita bahari ya joto ndani ya kontena, ikateremshwa Mombasa, ikasafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,100, halafu ikasimamishwa kwenye rafu chini ya taa kali au karibu na dirisha. Mvinyo unaotunzwa kwa miaka unataka giza na joto la nyuzi 12 hadi 14. Mchana wa Kampala hufika 27 na kuzidi. Mvinyo wa 2010 uliosimama kwenye joto hilo miezi minane umepikwa. Kizibo husukumwa juu kidogo, michirizi hukauka shingoni mwa chupa, rangi huelekea hudhurungi, harufu inakuwa ya jamu. Umelipia mwaka mkubwa, ukapewa maiti yake. Kanisa limeliona jambo hili kwa usahihi kuliko sisi: sheria inayofuatwa altareni, pamoja na pale Seminari Kuu ya Ggaba, inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika. Mwaka wa mavuno haumo.

Hata ikihifadhiwa vizuri, hiyo 2010 ina shida nyingine. Ilizaliwa na tanini nyingi, uchachu mwingi na kileo kingi, na chupa zake kubwa zilitengenezwa kwa mtu mwenye subira ya miongo miwili au zaidi. Wangapi kati yetu wananunua Jumamosi mchana na kuifungua mwaka 2040? Tunanunua mchana na kunywa usiku. Kwa unywaji huo, 2013 ya mkulima mwangalifu inafaa zaidi. Nimeionja moja ya Médoc hapahapa Ggaba, pamoja na ngege wa kukaanga, baada ya kuipoza kwenye friji nusu saa. Rangi yake ni nyepesi, harufu ya matunda mekundu na mwerezi, tanini imelainika, uchachu wake ukakata mafuta ya samaki kama limao. Haina kina kirefu, na ladha haikai sana mdomoni baada ya kumeza. Sitaki mtu adhani ni muujiza. Ni mvinyo wa uaminifu uliokomaa, na yule jirani yake wa 2010 angemfunika samaki asionekane.

Bei ndiyo inayobaki, na hapo sina huruma. Walipoiuza 2013 kwa mara ya kwanza, masika ya 2014, mashamba mengi makubwa hayakushusha bei inavyostahili, na wanunuzi wa Ulaya wakawaachia. Walikuwa na haki. Mwaka mgumu kwa bei ya mwaka mwepesi ni wizi, hata jina liwe kubwa namna gani. Basi muuzaji wa Kampala akikuwekea 2013 mbele yako, mtake akuambie nani aliyeutengeneza, uliingia nchini lini na ulilala wapi. Ishike chupa juu ya mwanga, kitazame kizibo, na kama bei haijafika karibu na nusu ya ile ya 2010 ya shamba hilohilo, irudishe rafuni.