Gari la familia, kaa nyuma kwanza

Jamani, kuna ugonjwa umeingia mjini. Kijana anaoa, anapata mtoto wa kwanza, wa pili yuko njiani, mkopo wa kazini unatoka, na jibu linakuwa moja tu: Harrier. Hajauliza watakaa wangapi. Hajauliza mama mkwe akishuka kutoka Moshi atakaa wapi. Ameuliza rangi (nyeupe, ile ya lulu) na saizi ya rimu. Basi.

Sina ugomvi na Harrier, naomba tuelewane. Toyota walilitoa Japani mwaka 1997, na mwaka uliofuata gari hilohilo likaanza kuuzwa nje kwa jina la Lexus RX. Walichukua starehe ya saluni, wakaiinua juu kidogo ili isiogope mashimo, wakaweka viti vya kukufanya usahau foleni ya Kimara. Kwa barabara zetu na kwa roho zetu za kupenda kuonekana, wazo hilo lilikuwa kama limetengenezwa kwa ajili ya Dar. Ndiyo maana hata majina tumelipa ya kwetu, tako la nyani kwa lile la 2003, Anaconda kwa lile la 2013.

Tatizo ni kwamba mnunuzi anakaa mbele. Yadi nzima ya magari imepangwa kwa ajili ya mtu wa mbele. Anafunguliwa mlango wa dereva, anashika usukani, anawashiwa skrini na kamera ya nyuma, ananusa ngozi, kwisha habari yake. Watakaokaa nyuma kwa miaka saba ijayo wako nyumbani wanapika.

Sasa chukua jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji, umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Umbali huo ndio unaowapa wahandisi nafasi ya kupanga magoti ya watu. Tako la nyani lina milimita 2715. Anaconda, lililokuja miaka kumi baadaye na linalouzwa ghali zaidi, lina 2660. Limepungua sentimita tano na ushee! Sisemi Anaconda ni bovu, wala umbali huo si kila kitu, lakini ukiambiwa "hili ni jipya kwa hiyo ni kubwa" usikubali kabla hujakaa.

Na Harrier zote hizo ni za watu watano. Watano kwenye karatasi. Fanya hesabu ya nyumba ya kawaida ya Kitanzania: baba, mama, watoto wawili, dada wa kazi, na bibi au binamu anayesoma chuo. Sita. Mmoja lazima apakatwe, na anayepakatwa ni mdogo kuliko wote. Hapa ndipo ninapoacha utani.

Hesabu ya kupakata iko hivi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini tu, halafu likagonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilo iliyomo inavuta mbele kama kilo 20 hivi. Mtoto wa kilo 10 anageuka mzigo wa kilo 200. Hakuna mama wa kuushika, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na mama mwenyewe kama hajafunga mkanda, anamfuata mtoto kwa nyuma. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilisema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Yaani watoto wetu, na sisi wenyewe.

Kwa hiyo kwangu anasa ya gari la familia inaanza na mkanda. Kila kichwa na mkanda wake, wa pointi tatu, uliovuka bega. Nenda kaangalie kiti cha katikati nyuma: magari mengi ya Kijapani ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu pale, kama wa ndege. Halafu ingiza vidole kwenye maungio ya mgongo wa kiti utafute vile vyuma viwili vya ISOFIX vya kunasia kiti cha mtoto. Volvo, waliotuletea mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, walipotoa XC90 mwaka 2002 waliweka hadi kiti cha kumnyanyua mtoto ndani ya kiti cha katikati cha safu ya pili. Hiyo ndiyo anasa. Vipuri vyake kuvipata hapa ni hadithi nyingine, siwezi kukudanganya.

"Basi nanunua la viti saba." Polepole, ndugu yangu. Safu ya tatu nayo ina maneno. Prado ni gari la heshima, lakini nyuma lina ekseli nzima inayopanda na kushuka, hivyo sakafu imeinuliwa. Mtu mzima akikaa huko magoti yanakaribia kidevu. Kwenda Mlimani City atavumilia. Kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, atashuka Segera akitafuta fimbo. Vanguard nalo viti vya mwisho ni vya watoto. Isitoshe, safu ya tatu ikifunguliwa buti linabaki la kuweka mkate na gazeti, na mabegi ya Krismasi yatapanda juu ya paa au juu ya mapaja.

Mimi ningemwambia kijana wetu aangalie Kluger. Najua, utacheka. Ni ndugu wa damu wa tako la nyani: injini ile ile ya 2.4, milimita zile zile 2715, na baada ya maboresho ya 2003 lilipatikana na safu ya tatu inayolala sakafuni usipoihitaji. Fundi anayelijua Harrier analijua na hili. Kasoro yake ni sura ya sanduku, na umri. Japani waliacha kuliuza kwa jina hilo mwaka 2007. Ukiagiza leo, TRA watakudai ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililopita miaka minane, juu ya ule ushuru wa injini unaopanda ukivuka cc 2000. Kwa hiyo unatafuta lililokwisha kuingia nchini, lenye mwenye nalo mmoja au wawili, na unamlipa fundi wako, si wa muuzaji, alilaze kwenye shimo la gereji. Kwa wenzetu wa Kenya kuagiza haiwezekani kabisa, mpaka wao ni miaka minane.

Na tafadhali, hiyo ngozi. Ngozi nyeusi iliyoachwa juani Kariakoo saa nane mchana, halafu umkalishe mtoto mwenye kaptula. Kitambaa safi ni rafiki zaidi, ila juisi ikimwagika utaikumbuka wiki nzima. Chagua balaa lako. Ninachosisitiza ni matundu ya AC ya nyuma. Bila hayo mbele ni Lushoto na nyuma ni Dodoma.

Ukienda yadi Jumamosi, nenda na ukoo. Mama akae nyuma, katikati. Beba kiti cha mtoto ukifunge palepale muuzaji akikutazama. Bibi apande na kushuka mwenyewe mara tatu bila kuvutwa mkono. Halafu wewe sogeza kiti cha dereva unavyopenda, shuka, kakae nyuma yake dakika kumi, mlango umefungwa. Muuzaji atasema gari lina wateja wengine wanasubiri. Mwache asubiri nao.