Filamu za Mapenzi za Krismasi: Utamu Wake na Kasoro Zake Sebuleni Mwetu



Kila ufikapo mwezi wa Desemba shule hufungwa, watoto hujaa nyumbani, wanafunzi wa vyuo hurudi na mabegi yao, na rimoti ya televisheni haina mwenyewe. Ndipo zinapoanza zile filamu za mapenzi za Krismasi kutoka Marekani: theluji, taa za rangi, mji mdogo wenye duka la keki, na msichana wa mjini anayekutana na kijana aliyevaa shati la draftidrafti. Mabinti zetu wanazipenda. Mama zao wanazipenda. Na baba anayejifanya anasoma gazeti, mtazameni vizuri, ukurasa haugeuzwi.

Wazazi wengi, wakiulizana juu ya filamu hizi, huogopa jambo moja: mti wa Krismasi. Wanahofia watoto watavutwa na sikukuu isiyokuwa yao. Hofu hiyo siibezi. Lakini katika makala hii nataka kusema kwamba tunachunga mlango wa mbele, na kilicho kikubwa zaidi kinapita mlango wa nyuma. Kikubwa hicho ni picha ya ndoa.

Filamu hizi zinatoka wapi?

Ni vyema kwanza tujue tunachokitazama. Jina kubwa katika biashara hii ni Hallmark. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1910 katika mji wa Kansas City, Missouri, na kazi yake ilikuwa kuuza kadi: za salamu, za pole, za siku za kuzaliwa na za sikukuu. Stesheni yake ya televisheni, Hallmark Channel, ilichukua jina hilo mwaka 2001. Mwaka 2009 ikaanzisha msimu maalumu wa filamu za Krismasi, na siku hizi msimu wenyewe huanza tangu Oktoba. Mwaka 2019, na tena mwaka 2022, walitoa kiasi cha filamu mpya 40 kwa msimu mmoja. Mtengeneza kadi ametengeneza filamu, na filamu yenyewe imekuwa kadi ndefu.

Nyingi hupigwa Kanada, katika miji midogo kama Almonte ulioko jimbo la Ontario, na mara nyingi hupigwa wakati wa joto. Kazi yote ya kupiga picha huchukua kama wiki mbili au tatu. Theluji ile mnayoiona ni povu, karatasi, pamba au barafu iliyosagwa, na waigizaji wamevaa makoti mazito huku jua likiwachoma.

Kisha ikaja Netflix, ambayo Januari 2016 ilifungulia milango nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, nchi zetu zikiwemo. Mwaka 2017 ikatoa A Christmas Prince, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo kampuni yenyewe ikatangaza kwa utani kwamba kulikuwa na watu 53 waliokuwa wameitazama kila siku kwa siku 18 mfululizo. Watu wakacheka. Lakini tujiulize, mtu anayerudia filamu ileile siku 18, anatafuta nini ambacho hakipati kwingine?

Kwa nini zinapendwa?

Tuwe waadilifu. Filamu hizi zina mema yake, na mzazi anayeyakana atapoteza heshima mbele ya watoto wake, kwa sababu wao wameyaona.

Kwanza, zina staha kuliko mengi yanayopita katika televisheni. Hakuna damu, matusi ni nadra, na mara nyingi mapenzi yote huishia kwenye busu moja mwishoni. Sisemi busu hilo ni halali kulitazama. Nasema tu kwamba mama aliyezoea kukimbilia rimoti kila dakika anapata nafasi ya kupumua.

Pili, wazee wanaheshimiwa. Bibi yupo, babu yupo, na neno lao lina uzito. Duka la marehemu baba linaokolewa lisiuzwe. Mtu aliyesahau kwao anarudi kwao. Kwa sisi ambao ndugu zetu wametawanyika, mmoja Muscat, mwingine Toronto, mwingine hajulikani aliko, hadithi ya mtu kurudi nyumbani inagusa pahali.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ndani ya filamu hizi watu wanaambiana maneno mazuri. Mwanamume anamsikiliza mwanamke. Anakumbuka alichosema juzi. Anaomba radhi. Likizo moja binti wa chuo aliyekuwa amefikia kwetu aliitazama filamu mojawapo hadi mwisho, kisha akauliza mbele ya watu wazima wote, "Mbona mimi sijawahi hata siku moja kumsikia baba akimwambia mama kwamba anampenda?" Sebule ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu, wala hakuna aliyeweza kumwambia kwamba swali lake ni baya.

Kasoro ya kwanza: mume wa theluji

Mwaka 2024 Netflix ilitoa filamu iitwayo Hot Frosty. Mwigizaji wake ni Lacey Chabert, ambaye ameonekana katika filamu nyingi mno za Hallmark. Humo yeye ni mjane mwenye mgahawa, aliyefiwa na mume kwa saratani, na nyumba yake inaharibika kwa kukosa mtengenezaji. Anamvisha skafu mtu aliyechongwa kwa theluji, na yule mtu anapata uhai. Anatengeneza paa. Anajifunza kupika kwa kutazama televisheni. Ana tabasamu masaa ishirini na nne.

Ni kichekesho, na walikusudia kiwe kichekesho. Lakini mtazameni mume huyo vizuri. Hana mama. Hana kaka mkubwa wa kuja kukaa miezi mitatu. Hana deni, hana mtoto wa nje, hana hasira alizozirithi kwa baba yake, hana hata jana, maana ameumbika juzi. Kwa maneno mengine, filamu imemtafuta mume asiye na kasoro na imeona hapatikani isipokuwa achongwe.

Na huyu wa theluji amesema wazi kile ambacho wenzake wanakificha. Yule muuza miti ya Krismasi mwenye mbwa, yule mwana wa mfalme, yule daktari wa wanyama, wote wamechongwa vilevile. Tatizo halipo kwa binti wa miaka kumi anayecheka. Tatizo lipo kwa kijana aliyeoa mwaka jana, anarudi na basi saa mbili za usiku, amechoka, shati limelowa jasho, hajalipwa mshahara, na mkewe amekaa siku nzima na mume wa theluji. Kijana huyo hashindani na jirani. Anashindana na mtu asiyekula, asiyeugua na asiyekatwa kodi ya nyumba.

Kasoro ya pili: posa juu ya posa

Mara nyingi msichana wa filamu hizi anapoanza safari tayari ana mtu. Huyu wa kwanza ana makosa mawili: anafanya kazi sana na anapokea simu wakati wa chakula. Basi anaachwa, na watazamaji wanashangilia. Katika The Christmas Card ya mwaka 2006, mojawapo ya filamu zilizoipatia Hallmark sifa, askari wa Kimarekani aliyeko Afghanistan anapokea kadi ya sikukuu kutoka kwa msichana asiyemjua. Anaposhuka likizo anakwenda hadi Nevada City, California, mji wa msichana huyo, na kumpenda, ilhali msichana yuko na mwanamume mwingine. Babaye msichana ni mtu mzuri sana, na aliyemwigiza, Ed Asner, aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Filamu inatutaka tumuombee askari afaulu, na kwa ufundi wake, tunamuombea.

(Na Afghanistan je? Nchi nzima ya Waislamu, yenye harusi zake na akina mama zake, humo ni pahala pa kutokea vitani tu.)

Sisi tumefundishwa kwamba mtu haposi juu ya posa ya mwenzake. Mafundisho haya hayakuletwa kuukandamiza moyo wa mtu. Yaliletwa kwa sababu ahadi ina watu nyuma yake: kuna wazee waliotembea kwa miguu kupeleka barua ya posa, kuna jina la ukoo, kuna kijana atakayepita barabarani akichekwa. Filamu haimuonyeshi yule aliyeachwa akirudi kwao. Sisi tunamjua, kwa sababu anaishi mtaani kwetu.

Na katika A Christmas Prince mambo yamezidi. Mwandishi wa habari anaingia katika jumba la mfalme akijifanya mwalimu wa binti wa mfalme, na mapenzi yanachipuka juu ya uongo huo. Unapofichuka, panatokea huzuni ya dakika chache, kisha msamaha, kisha pete usiku wa mwaka mpya. Nani alimuuliza mtu huyu anatoka wapi? Nani aliuliza habari za tabia yake kwa majirani? Kuchunguzana, ambako kwetu ni kazi ya shangazi na wajomba, na ambako vijana wa leo wanakuona ni umbea, ndiko kungeufichua uongo huo siku ya tatu.

Kasoro ya tatu: sikukuu isiyo na mwenyewe

Hili huwashangaza watu nikilisema. Katika nyingi ya filamu hizi za Krismasi, dini yenyewe ya Kikristo haionekani. Kuna mti, kuna biskuti, kuna mashindano ya kupamba nyumba, lakini ibada ni nadra, na Nabii Isa, alayhi salaam, ambaye majirani zetu Wakristo wanasema siku hiyo ni yake, hutajwa kwa shida. Mkristo mcha Mungu ana haki ya kuhuzunika kuliko sisi.

Mwaka 2019 Hallmark ilijaribu kuwaingiza Mayahudi na sikukuu yao ya Hanukkah. Wahakiki wengi, Mayahudi wakiwemo, hawakuridhika. Waliona zimebaki filamu za Krismasi zilezile, ila safari hii kuna mgeni Myahudi asiyejua mambo ya Krismasi. Ndivyo afanyavyo mwenye duka: akikukaribisha, anakupa kofia ya kwake uvae.

Je, sisi tuko salama? Televisheni za Kiarabu zimeufanya mwezi wa Ramadhani kuwa msimu wao mkubwa wa tamthilia, sehemu thelathini kwa siku thelathini, na matangazo ya biashara katikati. Iddi nayo tunaijua: nguo mpya, biriani, picha za simu. Watoto wakiulizwa Iddi ni nini, wangapi watataja zaka ya fitri kabla ya kutaja viatu? Anayetaka kujua sikukuu inavyotobolewa ikabaki ganda, atazame filamu hizi kwa jicho hilo. Zina funzo kwetu kuliko zinavyodhani.

Tufanye nini?

Wapo watakaosema zima televisheni. Anayeweza na azime, na Allah amlipe. Lakini mtoto mwenye simu mfukoni hazimiwi na rimoti ya baba. Kwa hiyo ninayo maoni matatu.

Kwanza, mzazi usikimbie sebule. Kaa, tazama japo moja, kisha uliza. Huyu kijana ana kazi gani? Yule aliyeachwa alikosa nini? Mwaka wa tano wataishije? Maswali ya namna hii hayafundishwi kwa fimbo, na mtoto akishayazoea, atayauliza pia siku atakapojiwa na posa yake mwenyewe.

Pili, tuwasimulie habari za ndoa za kweli. Watoto wetu wengi hawajui wazazi wao walioana vipi. Wanajua mwana wa mfalme wa Aldovia, nchi isiyokuwepo duniani, alivyomposa mwandishi wa habari, na hawajui babu yao alivyosubiri miaka miwili kukamilisha mahari. Hadithi hizo ni zetu na hazilipiwi. Wasimulieni na shida zake: njaa, ugonjwa, ugomvi na mawifi, na jinsi walivyopatana.

Tatu, na hili ni kwa akina baba, mimi nikiwamo. Lile swali la binti wa chuo halijajibiwa. Tunasema mapenzi yetu yako katika kulipa ada na kuleta unga, na ni kweli, huo ni upendo mkubwa kuliko pete ya filamu. Lakini nani alisema ulimi umekatazwa? Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na habari hiyo imetufikia kwa sababu Bibi Aisha mwenyewe aliikumbuka na kuisimulia. Neno jema kwa mke ni sunna tuliyoitelekeza, na Hallmark ikaiokota na kuiuza kila Desemba.

Binti akilisikia neno hilo nyumbani kwao, litokalo kinywani mwa mtu mwenye jasho na madeni, atajua kwamba upendo unakaa pia katika nyumba zisizo na theluji. Na mtu wa kuchongwa hatamdanganya.

Wabillahi tawfiq.