Daftari la Jela Si Sinema ya Mtaa



Leo sitaandika kwa upole. Nimekasirika, na nataka mjue kwa nini.

Wiki chache zilizopita picha moja ilizunguka kwenye simu zetu hapa Nakivale. Ni ya kijana tunayemjua wote, tuliyecheza naye mpira kabla hajapanda ndege kwenda Marekani. Amevaa nguo ya rangi ya chungwa, macho mekundu, na chini yake kuna jina, tarehe na maneno ya Kiingereza. Mtu aliitoa kwenye daftari la jela ya kaunti anakoishi, akaituma. Mpaka jioni ilikuwa imefika kila grupu. Mkacheka. "Marekani imemshinda." "Eti alikuwa anatuma picha na gari, kumbe ni mwizi." Mwingine akaiwekea na wimbo.

Mama yake aliiona kwenye simu ya mtoto wa jirani, pale tunapochajia simu. Hakuna aliyemwita pembeni. Mama yetu yule hasomi Kiingereza. Alichoelewa ni kwamba mwanawe yuko buloko, na kwamba kambi nzima imejua kabla yake. Akampigia, simu haipokelewi.

Siku mbili baadaye akapigiwa na mtu asiyemjua, anayeongea Kiswahili chetu kabisa, akijifanya ni wa kusaidia wafungwa. Atume dola 200 ili mtoto atolewe. Mama akauza mbuzi wake wawili, akakopa zilizobaki, akatuma. Ile namba haijapatikana tena mpaka leo.

Na kijana mwenyewe? Alikamatwa kwa kuendesha gari bila leseni. Alilala jela usiku mmoja, akapewa tarehe ya kufika mahakamani, akarudi nyumbani. Siku mama anauza mbuzi, yeye alikuwa kazini, anatafuta pesa ya kulikomboa gari lililovutwa na polisi, na simu yake ilibaki humohumo ndani.

Sasa niambieni. Nyinyi mliojua kuifungua ile orodha na kutoa picha, mlishindwa nini kurudi kesho yake mkaangalia kama jina bado lipo? Mlishindwa nini kusoma mstari unaosema kosa ni nini? Tapeli alisoma kuliko nyinyi. Aliona picha yenu, akaona na uchungu wa mama, akatumia vyote viwili.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Marekani jela ya kaunti si gereza la waliofungwa miaka. Kaunti ni kama wilaya, na ziko zaidi ya 3,000. Nyingi zina jela yao, mara nyingi chini ya sherifu. Humo wanawekwa waliokamatwa jana usiku, wanaosubiri hakimu, waliokosa pesa ya dhamana, na wenye vifungo vifupi ambavyo kwa kawaida havizidi mwaka. Waliohukumiwa miaka mingi wanapelekwa magereza ya jimbo au ya serikali kuu. Kwa hiyo ukichukua watu wote walioko kwenye jela hizi za kaunti, karibu theluthi mbili bado hawajahukumiwa kwa kosa lililowaweka humo. Sheria inawahesabu kuwa hawana hatia. Wewe huku kambini, na bando la MB 50, umeshawahukumu.

Nitakuuliza tena: kwa nini basi majina yao yanawekwa wazi? Si ili ucheke. Yanawekwa wazi kwa sababu serikali inayoweza kumchukua mtu usiku na kumweka mahali asipojulikana ni serikali ya kuogopwa. Mtu yuko mikononi mwao, basi waandike: huyu hapa, tumemchukua siku hii, kwa kosa hili, dhamana yake ni kiasi hiki, atasimama mbele ya hakimu tarehe hii. Daftari likiwa wazi, mtu hawezi kupotezwa kimyakimya. Ndo kazi yake ya kwanza.

Kazi yake ya pili ni kumlinda aliyeumizwa. Louisville, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi, wengine ni ndugu zetu wa damu, mwaka 1993 msichana aitwaye Mary Byron aliuawa siku alipotimiza miaka 21. Aliyemuua ni mwanaume aliyekuwa ameshamfanyia ukatili na kuwekwa jela, kisha akatoka kwa dhamana, na hakuna aliyemwambia binti. Kutokana na kifo hicho, mwaka 1994 huko huko Louisville ukaanzishwa mfumo uitwao VINE. Unaandika namba yako, mtu akitoka jela unapata taarifa. Leo unatumika katika majimbo mengi. Kwa hiyo dada yetu aliyepigwa na mumewe huko Marekani anayo haki ya kujua kama mume ametoka leo. Hilo nalo ni daftari wazi.

Najua wazee watasema: "Aibu kama hizi zifichwe. Hizo orodha zifungwe kabisa." Wazee wangu, nawaheshimu, lakini hapa nakataa.

Nakataa kwa sababu mimi nimeshatafuta mtu ambaye hakuandikwa popote. Kaka yangu alikamatwa kwenye msako wa usiku, katika mji mmoja ambao sitautaja. Mimi na mama tulizunguka kituo hadi kituo siku 11. Kila tukifika kaunta tunaambiwa hayupo, nendeni kule. Kule tunaambiwa rudini. Askari mmoja alitaka "ya soda" ili afungue kitabu tu. Tulimpata kwenye kasho ya kituo cha kwanza kabisa tulichopita. Jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya, na hakuna aliyejisumbua kuinua kichwa. Alikuwa amekonda, mguu umevimba, hajaona hakimu.

Siku 11, ndugu zangu. Mama alikuwa anauliza mpaka kwenye chumba cha maiti. Na kule nyumbani Kongo wangapi kati yetu baba zao walichukuliwa, na mpaka leo hatujui walipelekwa kasho gani? Sisi tukiomba madaftari yafungwe tutakuwa tumesahau tulipotoka. Nataka daftari liwe wazi, na midomo yetu ndiyo ifungwe.

Hata Wamarekani wenyewe wanaligombania jambo hili. Kuna watu waliokusanya picha za waliokamatwa, wakaziweka kwenye tovuti zao, kisha wakawadai wenyewe pesa ili wazitoe. Majimbo kadhaa yakapiga marufuku kudai pesa hiyo. California ni mojawapo. Utah mwaka 2021 ilipitisha sheria kwamba picha ya aliyekamatwa kwa kawaida isitolewe kwa watu mpaka atakapopatikana na hatia. Jina na kosa vinabaki wazi, picha ndiyo inazuiwa. Wao wanatafuta sheria ya kuzuia picha, sisi tunaiwekea muziki!

Sasa tuseme ndugu yako kweli amekamatwa kule na simu yake imezimika. Utafanya nini? Soma pole pole, kisha umsomee na mama.

Kwanza, tafuta kaunti, si mji. Louisville iko kaunti ya Jefferson, Houston iko Harris, Phoenix iko Maricopa, Des Moines iko Polk. Mji mmoja unaweza pia kugusa kaunti zaidi ya moja. Ukishajua kaunti, ingia tovuti ya sherifu au ya idara ya jela ya kaunti hiyo. Kuangalia orodha yao ni bure. Tovuti inayokudai pesa kabla ya kukuonyesha jina ni ya mfanyabiashara, si ya jela. Toka.

Pili, jaribu jina kwa njia zote. Majina yetu yaliandikwa na watu wengi: Kongo, kwenye usajili wa kambi, kwenye usaili wa safari. La baba limewekwa mbele, la ubatizo nyuma, herufi moja imeruka. Tafuta kwa jina moja moja, ligeuze. Na usitegemee tarehe ya kuzaliwa peke yake, maana wangapi kati yetu makaratasi yanasema tumezaliwa tarehe 1 Januari?

Tatu, ukilipata, soma vitu vinne: namba ya mfungwa, kosa analotuhumiwa, dhamana, na siku ya mahakama. Viandike kwenye karatasi. Mtu akipiga simu kudai pesa ya dhamana, usitume. Mwambie ndugu aliye kulekule aipigie jela yenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kaunti, aulize.

Nne, jina lisipoonekana usianze kulia. Anaweza kuwa bado hajaingizwa, au ameshatoka, au amehamishwa. Wengine wanachukuliwa kutoka jela ya kaunti na kupelekwa mikononi mwa ICE, watu wa uhamiaji. Hao wana mfumo wao wa kutafutia, na njia nzuri ni ile namba inayoanza na herufi A, iliyo kwenye makaratasi yake, pamoja na nchi aliyozaliwa. Hapa angalia sana! Aliyezaliwa hapa Nakivale, nchi ya kuzaliwa kwenye makaratasi yake inaweza kuwa Uganda, hata kama yeye ni Mkongo wa kabila na wa moyo. Ukiweka Kongo hutamwona. Kila familia yenye mtu Marekani iombe nakala ya namba hiyo leo, isingoje shida.

Tano, akipata nafasi ya kupiga simu, usimuulize "ulifanya nini?" Simu za jela kwa kawaida zinarekodiwa. Muulize kama ana wakili. Tangu mwaka 1963 mahakama kuu ya kule ilisema anayeshtakiwa kwa kosa kubwa na hana pesa apewe wakili na serikali. Na mwaka 2010, kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, ilisema wakili lazima amweleze mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Padilla alikuwa dereva wa lori, ameishi Marekani miaka mingi na kutumikia jeshi la kule wakati wa vita ya Vietnam, na wakili wake alikuwa amemwambia asiwe na wasiwasi. Kwa hiyo ndugu yako asikubali kosa ili tu atoke haraka. Amwambie wakili: mimi nilikuja kama mkimbizi.

Umeona? Simu ileile iliyomuua mama kwa aibu ingeweza kumwokoa kwa dakika kumi.

Ngoja niseme na lingine ambalo litawauma. Tangu Januari 2025, safari za wakimbizi kwenda Marekani ziliposimamishwa, kuna uchungu hapa. Watu walikuwa wameshafanya usaili, wengine wameshauza vitu. Nawaelewa, na mimi faili langu limelala hukohuko. Lakini uchungu huo umegeuka kuwa furaha mbaya: aliyefika akianguka, tunajisikia tumepona. Hatujapona hata kidogo. Yeye kupigwa na Marekani hakutaleta ndege yako.

Na hizi nguvu za kuchunguza madaftari ya Marekani, tuzigeuzie hapa tulipo. Katiba ya Uganda, kifungu cha 23, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na akiomba, ndugu yake wa karibu ajulishwe mapema iwezekanavyo. Kenya, kifungu cha 49, ni ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Katiba ya Kongo, kifungu cha 18, inasema aliye kwenye kasho ya polisi ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake. Maneno yapo. Lakini nenda kaunta kaulize jina la mtu, uone. Tena haki ya kupata habari za serikali, Uganda na Kenya, katiba zimeiandika kwa "raia". Mkimbizi aulize kupitia nani?

Hapo ndipo nawataka mpige kelele. Kila kituo kilicho karibu na kambi kiwe na orodha ya waliokamatwa ambayo mama anaweza kuisomewa bila kutoa hata shilingi. Viongozi wetu wa kambi wapewe majina siku hiyohiyo. Tukutane na mkuu wa kituo, twende kumi, twende kwa heshima, tuulize kitabu kinafunguliwaje. Mimi niko tayari kwenda wa kwanza.

Mlioisambaza ile picha, ifuteni. Mkishaifuta nendeni kwa yule mama, kwa miguu yenu, mkamwombe msamaha. Mbuzi wawili na deni. Tukichanga kila mmoja kidogo kwenye grupu zote zilizocheka, vitalipika wiki hii hii. Watu wa kucheka tulikuwa wengi, sasa tuone watu wa kuchanga watakuwa wangapi.