Hujawahi Kupanda Ndege, Lakini Unailipia

Nenda stejini hapa Nyeri asubuhi, begi begani. Kabla hujasema unaenda Nairobi, makanga wawili washakushika mkono. Mmoja akitaja nauli, mwenzake anapunguza hamsini. Sacco ya leo ikikubeba vibaya, kesho unapanda nyingine. Hakuna aliyesomea uchumi hapo, lakini kila mtu anaelewa: abiria akiwa na chaguo, bei hushuka na adabu hupanda.

Sasa peleka hesabu hiyo angani, uone serikali inavyoikwepa.

Najua unasema, "Mimi na ndege wapi na wapi?" Kweli. Ndege za kutoka Wilson hadi Nanyuki zipo, lakini hubeba hasa watalii wa Laikipia, si sisi wa Majengo na Ruring'u. Ila unalipa. Serikali inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways. Mwaka 2017 iliidhamini kwa mikopo ya dola milioni 750, na kampuni iliposhindwa kulipa, Hazina ya Kitaifa ikabeba mzigo. Mwaka 2022 KQ ilipata hasara ya Sh38.3 bilioni, 2023 Sh22.7 bilioni. 2024 ikaleta faida ya Sh5.4 bilioni, tukapiga makofi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni. Na pesa za Hazina hazitoki mbinguni. Zinatoka kwa bando lako na petroli ya boda unayopanda.

Hapo ndipo sera inaniudhi. Mwenye hisa kwenye timu ndiye pia refa. Kenya ilikuwa kati ya nchi 23 za kwanza kuingia katika soko moja la anga la Afrika, Januari 2018. Kwa karatasi tuko mbele. Lakini ndege ya nje ikiomba kutua Mombasa au kuongeza safari, swali la kwanza huwa KQ itaumia aje. Wenye hoteli wa Pwani wamelia anga ifunguliwe kwa miaka mingi. Wewe abiria utaumia aje? Hilo haliulizwi.

Watetezi wa KQ wana hoja, nisiwe mnafiki. Imeajiri maelfu ya watu, na mashirika ya Ghuba yana serikali tajiri nyuma yao. Tena ushindani peke yake si dawa. Jetlink ilisimama 2012, Fly540 ikasimamishwa 2022. Shirika likianguka, abiria hubaki na tiketi mkononi.

Lakini sisi watu wa Mlimani tunajua jibu, kwa sababu tuliliona barabarani. Matatu zilikuwa na ushindani kibao kabla ya 2004, na zilituua. Hazikufungiwa soko. Alikuja John Michuki, mzee wa Kangema, akasema mshindane, lakini mkanda ufungwe, mwendo udhibitiwe na abiria wasirundikwe. Ushindani na sheria, vyote pamoja. Ndiyo sera ninayotaka angani.

Binamu yangu alisafiri mwaka jana kwenda kazi Ghuba. Tiketi ililipwa na bonasi ya chai ya shangazi kule Othaya, yote. Ndege ikaahirishwa, akalala sakafuni usiku kucha bila hata chupa ya maji. Aliponipigia simu hakuwa amekasirika. Alidhani ni kawaida tu, kama matatu ikipata pancha Karatina. Huko Ulaya, sheria ya 2004 inampa abiria chakula, mahali pa kulala, na fidia ya euro 250 hadi 600 kosa likiwa la shirika. Kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) hupokea malalamishi. Lakini nani aliwahi kumwambia?

Kwa hivyo nataka mambo matatu. Kwanza, shilingi yoyote inayoenda KQ iwe na masharti yanayosomwa wazi Bungeni. Pili, Mombasa, Kisumu na Eldoret zifunguliwe kwa mashirika mengine, la nyumbani lishindane. Tatu, fidia ya abiria iandikwe kwa shilingi na kubandikwa pale dirishani anapopimiwa mzigo.

Mbunge wako atakuja harambee au mazishini wikendi hii. Usimwombe nauli. Muulize alipigia nini kura, na shangazi yangu atavuna chai ya miaka mingapi ndiyo binamu arudi nyumbani kumsalimia.