Mfereji Huenda Shambani

Kumfungulia mtoto mlango wa shule ni jambo moja. Kumfundisha ni jambo jingine. Mambo haya mawili yamechanganywa sana katika nchi yetu, na mchanganyiko huo umekuwa pazia la kufichia dhuluma. Twaambiwa ya kuwa watoto wenye mahitaji maalumu sasa wanapokewa katika shule za kawaida. Hesabu zao huandikwa, taarifa hupelekwa, na wakubwa huridhika. Lakini mtu aulizaye watoto hao wamejifunza nini huonekana mtovu wa shukrani. Nakubali kuitwa hivyo. Nathubutu kusema ya kuwa mtoto aliyeketishwa darasani bila ya kufundishwa amefichwa, kama alivyofichwa mwenzake wa zamani aliyefungiwa chumba cha ndani. Tofauti ni kwamba huyu amefichwa mbele ya macho ya watu.

Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Mwaka 1994 wajumbe wa mataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka ya kuwa shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria yake. Mwaka 2016 ada ikaondolewa, na madarasa yakafurika.

Lugha nayo imesafishwa. Zamani tulisema kilema, kipofu, na kiziwi, maneno yaliyovikwa kiambishi cha vitu. Leo twasema mtu mwenye ulemavu na mtu asiyeona. Heshima ya maneno si kitu kidogo. Walakini viziwi wenyewe hawakuona haya kuliandika neno hilo katika jina la Chama cha Viziwi Tanzania. Jina zuri halimfundishi mtu kusoma, na ovyo ni ustaarabu ule ubadilishao majina ya watu ukaacha hali zao kama zilivyokuwa.

Na tushuke Kileo, katika nyanda zilizo chini ya Milima ya Upare, Wilaya ya Mwanga. Tuseme yuko huko mtoto wa kike mwenye uoni hafifu. Mama yake ampeleka shule, amwambia mwalimu, “Mwalimu, mwanangu haoni mbali.” Mwalimu, mtu mwema, ajibu, “Tutajitahidi, mama.” Kanuni husema darasa liwe na wanafunzi 45, hili lina zaidi. Mtoto akaa alipopata nafasi. Ubao kwake ni ukuta mweusi. Anakili kutoka daftari la jirani, na jirani akikosea, hukosea mara mbili. Mwaka wa kwanza huitwa mzito. Wa pili, mvivu. Wa tatu, hata yeye mwenyewe husadiki. Siku ya mtihani wa kumaliza shule, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kumpa maandishi makubwa na muda wa ziada. Hiyo ni huruma iliyochelewa: karamu ya siku moja baada ya njaa ya miaka saba. Ambaye hakupewa kitabu cha kuweza kukisoma, dakika za ziada atazitumia kufanya nini?

Wako watu watakaosema, “Ndiyo maana zikajengwa shule maalumu, apelekwe huko.” Nisidhaniwe kuwa nazidharau shule hizo. Buigiri, Dodoma, ilianza kuwafundisha wasioona mwaka 1950, wakati ambapo wengi walisadiki kuwa hawafundishiki. Tabora ilifungua shule ya viziwi mwaka 1963. Irente, Lushoto, imewalea wasioona kwa miaka mingi, na Mwanga kwenyewe ipo shule ya viziwi. Walioanzisha shule hizo walitenda wakati wengine wakihurumia tu. Lakini nafasi zao ni chache, na njia ya kwenda ni ndefu. Mtoto wa Kileo apelekwaye Irente hupita Same, hushuka mpaka Mombo, kisha hupanda Usambara. Tena huwaona wazazi wake wakati wa likizo tu. Mtoto wa miaka saba ametozwa mapenzi ya nyumbani kuwa ada ya kusoma. Mwenzake mwenye macho mazima hakutozwa kitu. Je, hiyo ni elimu bila ada?

Wapare wana elimu yao ya kale iwezayo kutusaidia hapa. Maji ya milimani ni machache, na mashamba ni mengi. Wazee walichimba ndiva, bwawa lijazwalo usiku kwa maji ya kijito. Asubuhi hufunguliwa, na mifereji hupeleka maji kila shamba kwa zamu. Hapana aliyepata kusema kuwa shamba lililo mbali limekosa sifa ya kunyweshwa, wala hapana aliyeambiwa alibebe shamba lake mpaka kwenye ndiva. Mfereji ndio uendao shambani.

Shule maalumu ziwe ndiva. Ziweke akiba ya maarifa: walimu wajuao nukta nundu na lugha ya alama, vitabu vya maandishi makubwa, na uzoefu wa kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili hatua kwa hatua. Lakini akiba hiyo ifunguliwe. Mwalimu bingwa apewe usafiri na siku maalumu za kuzungukia shule za jirani. Amwoneshe mwalimu wa darasa jinsi ya kuwapanga watoto, kuandika ubaoni kwa herufi kubwa, kusoma kwa sauti anachokiandika, na kumpima mtoto kwa hatua alizopiga mwenyewe. Chuo cha Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Mmoja wao akipelekwa peke yake, bila ya vifaa, na kisha akapewa darasa la kawaida kama wengine, tumemwaga maji mchangani.

Haki yanilazimisha kukiri jambo moja. Kiziwi mmoja kati ya watoto wasiojua alama hata moja yu pweke kuliko aliyebaki nyumbani. Lugha haikui bila ya wasemaji. Huyo ahitaji wenzake, na mwalimu aijuaye lugha yake vema. Kwake kundi la viziwi, ndani ya shule ya kawaida au karibu nayo, si kutengwa. Kwa hiyo kipimo si jengo. Kipimo ni mtoto kujifunza na kuwa na watu.

Husemwa pia kuwa mtoto mmoja atawachelewesha arobaini. Lakini ubao uandikwao vizuri humfaa hata mwenye macho mazima, na maelezo yarudiwayo huwaokoa wengi walionyamaza kwa aibu. Husemwa tena kuwa sisi maskini. Italia, mwaka 1977, ilipoondoa madarasa ya kutenga watoto, sheria ile ile iliweka walimu wa msaada, na ikapunguza idadi ya wanafunzi katika darasa lililompokea mtoto mwenye ulemavu kuwa 20. Hatuwezi kufikia 20 kesho. Lakini twaweza kujua kuwa mtoto hahamishwi peke yake: msaada wake huhama pamoja naye. Na umaskini gani huu uzuiao kumketisha mtoto mbele ya ubao?

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, kwa kuwa walitozwa kwa kipimo wasichokiona kuwa cha haki. Leo kiko kipimo kingine kisicho cha haki: idadi ya walioandikishwa. Mzazi, mwalimu, na msomi na wakikatae. Ofisa ajapo na hesabu ya walioingia, aulizwe kwa adabu: wangapi wamesoma? Wangapi wana kitabu wakiwezacho? Mwalimu bingwa alipita hapa lini? Hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Basi mwenye kudai mfereji kwa ajili ya mtoto wa jirani asidhani kuwa anatoa sadaka. Shamba lake mwenyewe liko njiani.